Naenda Lisbon peke yangu, nataka kuuzunguka mji wa zamani kwa miguu. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Ilemela

Mwangaluka wana jukwaa.

Nafundisha Historia sekondari hapa Mwanza. Mwezi wa kumi nimealikwa kwenye mkutano wa walimu jijini Lisbon, Ureno. Viza imeshatoka na tiketi wanalipa waandaaji. Mkutano unaisha Ijumaa, ndege yangu ya kurudi ni Jumanne, na wenzangu wote wanaondoka Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo nitabaki peke yangu kwenye mji nisiomjua mtu hata mmoja.

Kutembea si shida. Nimekulia Mabatini, kupanda mawe na kushuka ndiyo ilikuwa njia ya shule. Ninachotaka ni kuujua ule mji wa zamani hasa, mtaa kwa mtaa, nisiishie kupiga picha mbili na kurudi hotelini. Lakini sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki, na nyumbani mama ananiuliza kila siku nitakuwa na nani.

Naomba mnisaidie, hasa mliowahi kufika. Mwanamke peke yake anatembea salama? Nianzie mtaa gani? Na hili ndilo linalonikaa moyoni zaidi: kila mwaka nasimama darasani nafundisha habari za Wareno pwani yetu, Vasco da Gama, Kilwa, Mombasa, Malindi. Je, huko kwao kuna chochote ninachoweza kukiona kwa macho kinachotuhusu sisi?

Fundi Simu Makoroboi

Hongera sana dada. Mimi sijafika, ila shemeji yangu alipita Lisbon akiwa safarini. Ushauri wake ni kupanda yale mabasi ya watalii yaliyo wazi juu. Unalipa mara moja, unaonyeshwa yote, unarudi salama. Kuzurura peke yako mji usioujua ni kutafuta kupotea.

La kwangu mimi fundi: pakua ramani ya Lisbon yote kwenye simu ukiwa bado kwenye Wi-Fi, itafanya kazi hata bila bando. Weka alama hoteli yako kabla hujatoka. Na simu ikae mfuko wa ndani, usitembee umeishika.

Mama Minofu

Mdogo wangu Mwalimu, pole na maandalizi. Kwa la ramani namuunga mkono kaka Fundi. Kwa la basi, hapana.

Mimi nafanya kazi maabara kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapahapa Mwanza. Kazi ndiyo iliyonipeleka Lisbon, kwenye mafunzo ya ukaguzi wa samaki, na jioni zote na wikiendi zilikuwa zangu. Niliuzunguka ule mji kwa miguu, na mpaka leo naufikiria. Basi haliingii Alfama wala Mouraria, mitaa ya zamani kabisa. Vichochoro vingine ni ngazi tupu, watu wawili wakikutana mmoja anajibana ukutani. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Vitu vinavyotuhusu sisi viko sehemu mbalimbali za mji, na ukivifikia kwa gari kimoja kimoja huwezi kuona vinavyofungamana. Ukitembea, utaona.

Anzia Praça do Comércio, uwanja mkubwa ulio ukingoni mwa mto Tejo. Usitoke saa kumi na mbili kama tulivyozoea huku. Oktoba kule jua linachomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi. Simama uupe mto mgongo. Zile barabara zilizonyooka mbele yako zote zilijengwa baada ya 1755. Tarehe 1 Novemba mwaka huo, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani asubuhi, tetemeko likapiga. Waliokimbilia mtoni wakaona maji yanarudi nyuma, kisha mawimbi yakaja juu yao. Mishumaa na majiko yakawasha moto uliochukua siku kadhaa. Waziri wa mfalme, anayejulikana kwa cheo chake cha Marquês de Pombal, akasimamia kujengwa upya kwa mji wa chini. Ndani ya kuta za zile nyumba waliweka kiunzi cha mbao, mihimili iliyokingamana, ili ardhi ikitikisika nyumba iyumbe isianguke. Inasimuliwa kwamba walijaribu mfano wake kwa kupitisha askari wakipiga gwaride kuuzunguka. Hapo tu, Mwalimu, una kipindi kizima.

Panda Rua Augusta mpaka uwanja wa Rossio. Njiani wanaume watakusogelea wakinong'ona kwamba wana bangi. Usijibu, usisimame, endelea na safari yako, hawafuati.

Pembeni kidogo ya Rossio kuna kanisa la São Domingos. Ingia. Liliungua 1959, na walipolikarabati hawakuficha majeraha. Nguzo zimepasuka, mawe yamebanduka vipande kwa moto, na wameziacha hivyohivyo, misa inasaliwa katikati yake. Niliweka kiganja kwenye nguzo moja: sehemu laini kabisa, halafu ghafla shimo linaloingia vidole vinne. Nje, ule uwanja mdogo ni kijiwe cha Waafrika wa Lisbon, wengi wao wa Guinea-Bissau, wazee wamesimama wanaongea, kina mama wanauza kokwa za kola. Na si jambo la leo. Katika karne ya 16 Waafrika wa mji huo, watumwa na walioachwa huru, walikuwa na chama chao cha kidini cha Bikira Maria wa Rozari katika monasteri iliyokuwa hapo. Uwanjani kuna pia jiwe la ukumbusho wa Wayahudi waliouawa na umati wa watu mwaka 1506. Ushike huo mwaka, utaukuta tena mbele.

Kutoka hapo panda Largo do Carmo, pita Chiado, kisha shuka Calçada do Combro. Chini ya mteremko utaingia mtaa unaoitwa Rua do Poço dos Negros, yaani mtaa wa Shimo la Weusi. Ni mtaa wa kawaida, mikahawa, duka la mboga, nguo zimeanikwa madirishani. Mwaka 1515 mfalme Manuel I aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa sababu zilikuwa zinaachwa ovyo nje ya mji na mbwa wanazila, na akaagiza humo imwagwe chokaa mara kwa mara. Jina la mtaa linahusishwa na amri hiyo. Nilikisoma kile kibao ukutani, nikapita, nikarudi kukisoma tena.

Endelea kuelekea magharibi, pita Santos, ushike Rua das Janelas Verdes mpaka Museu Nacional de Arte Antiga. Ndani uulizie Custódia de Belém.

Hiki ndicho ulichouliza, Mwalimu. Ni monstransi ya dhahabu, ile ya kuwekea Ekaristi, inayosemekana ni kazi ya mfua dhahabu Gil Vicente. Sogea kwenye kioo. Katikati kuna mitume 12, kila mmoja amepiga magoti, wadogo kiasi kwamba unaweza kumfunika mmoja kwa kidole, nguo zao zina rangi, nyuso zimeinuliwa juu. Halafu inama uangalie kitako. Kuna maandishi yanayozunguka, na yanasema kwamba mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, kikamalizika 1506. Quiloa ndiyo Kilwa. Kilwa Kisiwani, ya mkoa wa Lindi.

Unaijua hadithi kuliko mimi. Vasco da Gama safari yake ya pili, 1502, alitia nanga Kilwa na mizinga yake akamlazimisha Amiri Ibrahimu akubali kulipa kodi. Dhahabu ilitoka bara, ikapitia Sofala, na wafanyabiashara wa Kilwa ndio waliokuwa wameishika biashara hiyo kwa karne nyingi. Aliporudi Lisbon 1503 alikuwa nayo. Miaka miwili baadaye Francisco de Almeida akaja na kundi kubwa la meli, akauteka mji na kuupora.

Sasa angalia ulikotoka asubuhi ile. Dhahabu ya Kilwa 1506, shimo la watumwa 1515, mfalme ni mmoja. Kutoka mtaa ule mpaka kwenye kile kioo haifiki nusu saa kwa miguu. Mimi niliyaelewa yote mawili kwa sababu nilikuwa nimetoka kwenye mtaa ule dakika chache tu zilizopita, miguu bado inauma na ule mteremko.

Na hapo ndipo kuwa peke yako kunakuwa baraka. Makundi ya watalii yalikuja, yakapiga picha, yakaondoka. Hakuna aliyenishika mkono kuniambia twende. Nilisimama pale kadiri moyo ulivyotaka.

Mwana Igogo

Samahani dada, lakini nilipe kiingilio nikatazame dhahabu iliyoporwa kwetu? Warudishe kwanza.

Mama Minofu

Mdogo wangu Mwana Igogo, hasira hiyo ninayo pia, na sikutoka mle nikiwa na furaha. Lakini Mwalimu akirudi na picha ya yale maandishi, darasa zima Ilemela litaliona jina la Kilwa limeandikwa kwenye dhahabu ya mfalme wa Ureno, na hakuna atakayewaambia kwamba historia yetu ni porojo. Kudai chochote kunaanzia kwenye kujua kiko wapi.

Mzee wa Bwiru

Binti yangu Mwalimu, huyo mama amekupitisha Largo do Carmo haraka. Hapo usipite, simama.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa kijana Dar es Salaam, kibarua bandarini. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar, 25 Juni 1962, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa Dar, 3 Februari 1969, kwa bomu lililotumwa ndani ya kitabu. Siku ile naikumbuka, watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini mjini kote. Vijana wa Msumbiji walikuwa wanapelekwa Nachingwea kujifunza vita, wengine tulikuwa tunakunywa nao chai.

Sasa pale Largo do Carmo kuna gofu la kanisa ambalo paa lake liliporomoka katika tetemeko hilo la 1755, watalii wote wanatazama hilo. Jirani yake kuna kambi ya askari. Tarehe 25 Aprili 1974, siku askari walipoipindua serikali, waziri mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, alikimbilia humo, askari wa Kapteni Salgueiro Maia wakaizingira, na wananchi wakaujaza uwanja mpaka wengine wakapanda juu ya miti. Jioni akajisalimisha. Wananchi waliwapa askari maua mekundu wakayachomeka kwenye midomo ya bunduki. Wale askari walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na waliowachosha ni vijana wetu wale. Tarehe 7 Septemba mwaka huohuo mkataba ukatiwa saini Lusaka, na 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Mimi sijafika, na kwa umri huu sitafika. Ukisimama pale nipigie picha ya lango la kambi, si la kanisa.

Mwalimu wa Ilemela

Shikamoo mzee. Picha ya lango nitaileta hapa jukwaani, hiyo ni ahadi.

Dada Mama Minofu, nimesoma maelezo yako mara mbili, ya pili nikiwa na daftari. Naomba uniongezee kidogo. Chakula mtu akiwa peke yake inakuwaje, maana naona aibu kukaa meza ya watu wanne. Na usiku? Na viatu?

Mama Minofu

Viatu kwanza. Njia za waenda kwa miguu Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe, vimepangwa mapambo na vyeusi. Vimesuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa, na mvua ikinyesha vinateleza vibaya sana. Oktoba mvua zinaanza. Chukua viatu vya soli ya mpira yenye meno, na uvivae sasa hivi hapa nyumbani, upande navyo Isamilo na kushuka kila jioni mpaka vikuzoee. Usinunue vipya vya kwenda kufungulia kule.

Chakula: tafuta vile vihoteli vidogo wanavyoviita tasca, mchana, wana chakula cha siku kimeandikwa kwenye karatasi mlangoni. Ukiona sahani ni kubwa, omba meia dose, yaani nusu, hawashangai. Ukikaa tu wataleta mkate, zeituni na jibini bila kuagizwa. Hivyo vinalipiwa. Huvitaki, sema hapana kwa upole, wataviondoa. Kahawa kunywa umesimama kaunta kama wenyeji wanavyofanya, hapo hakuna meza ya kukuonea aibu.

Utawaona wanauza bacalhau, samaki mkavu wa chumvi, amepangwa madukani kama kayabo pale Mwaloni Kirumba. Kwa mtu wa Mwanza harufu ya duka lile ni nyumbani. Wanamloweka kwa maji siku nzima na zaidi kabla ya kumpika. Kuna wanavyomchambua na kumkaanga na viazi vyembamba na mayai, hicho ukile.

Na siku moja ingia supamaketi, nenda friji ya samaki, tafuta pakiti iliyoandikwa perca do Nilo. Ni sangara. Niliigeuza pakiti nikaona imeandikwa Tanzania. Nimekagua minofu kwa miaka, nikiiona inaondoka kwenye maboksi, na sikuwahi kuiona upande ule wa pili, mama mmoja wa Kireno anaitia kwenye kikapu chake bila kuuliza inatoka wapi. Nilitamani nimweleze habari za mitumbwi ya Ukerewe, ila Kireno changu kiliishia kwenye salamu.

Usiku: mimi nilitembea Baixa, yaani ule mji wa chini, na Chiado mpaka saa tatu, nne, kuna taa na watu wengi. Vichochoro vya Alfama nilivitembea mchana tu, si kwa sababu ya kisa chochote, ila giza na ngazi zilizolowa havipatani na mgeni. Ukitazamwa, unatazamwa kama mmoja wa Waafrika wengi wanaoishi pale. Mara kadhaa niliongeleshwa Kireno na kuulizwa njia.

Kijana wa Kamanga

Naongeza moja kwa dada Mwalimu. Nimeishi kule kimasomo. Wezi wa mifukoni wapo, na makazi yao ni tramu ya 28. Ile inajaa mpaka mlangoni. Kama lazima uipande, panda asubuhi sana, mkoba mbele ya tumbo. Kutoka uwanja wa ndege usichukue teksi, kuna metro ya mstari mwekundu mpaka Alameda, pale unabadilisha kwenda mstari wa kijani, unashuka Rossio au Baixa-Chiado.

Na sisi watoto wa ziwa hatuwezi kukosa kivuko. Nenda Cais do Sodré, panda kivuko cha Cacilhas, ng'ambo ya Tejo. Ni usafiri wa kawaida wa wenyeji. Kaa upande wa magharibi uone lile daraja jekundu. Lilifunguliwa 1966 likiwa na jina la Salazar, mtawala wa Ureno wa wakati huo, na baada ya siku ile aliyoieleza mzee likapewa jina la 25 de Abril. Ukishuka Cacilhas fuata ukingo wa mto kwa miguu, geuka nyuma, Lisbon yote iko mbele yako juu ya vilima vyake. Saa kumi na moja jioni ndiyo wakati wake.

Fundi Simu Makoroboi

Dada Mama Minofu umenibadilisha mawazo, la basi naliondoa. Mwalimu, ukiwa na nafasi pita Makoroboi, nitakuwekea alama sehemu zote hizi kwenye ramani bila malipo, Carmo, Poço dos Negros, makumbusho, kivuko. Dakika kumi tu.

Mwalimu wa Ilemela

Kaka nitakuja Jumamosi. Swali la mwisho: Belém, kwenye kaburi la Vasco da Gama, kuna haja? Na siku zipi nipange nini?

Mama Minofu

Nenda. Kaburi liko ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, karibu na mlango, upande wa kushoto ukiingia, sanamu yake imelala mikono imekutanishwa kifuani. Ile monstransi ilitengenezwa kwa ajili ya monasteri hiyohiyo. Kwa hiyo Jumamosi tembea njia niliyokupa mpaka kwenye dhahabu, Jumapili uende Belém ukiwa tayari umeshaiona. Foleni huwa ndefu, wahi kabla ya kufunguliwa. Hizi sehemu mara nyingine hufungwa kwa ukarabati, kwa hiyo angalia tovuti zao wiki ya safari.

Jumatatu makumbusho na Jerónimos vinafungwa, usipange huko. Siku hiyo ni ya Alfama. Kuokoa magoti, tumia lifti ya umma iliyo ndani ya jengo la Rua dos Fanqueiros, inakutoa juu Rua da Madalena, kisha kuna nyingine ya Chão do Loureiro inayokusogeza karibu na kasri. Ukifika kibaraza cha Santa Luzia, tafuta picha ya vigae vya bluu kwenye ukuta wa kanisa: inaonyesha uwanja ule wa mtoni jinsi ulivyokuwa kabla ya 1755. Kisha shuka kwa ngazi yoyote utakayoipenda. Ngazi nyingi za Alfama zinateremkia mtoni, na ukiwa mtoni, fuata maji upande wa magharibi, Praça do Comércio iko mbele, na kivuko cha Kijana wa Kamanga kiko mbele yake kidogo. Ukiwahi, utakivuka kabla jua halijazama.